Kukimbia Bila Miguu

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya walimu wa Kiingereza wa sekondari na wafasiri waliokutana Morogoro. Nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wafasiri wa mahakamani na wa magazetini, na ninyi wanachuo mliojibanza viti vya nyuma karibu na mlango: itifaki imezingatiwa.

Nianze kwa kuwauliza swali. Neno gani la Kiingereza ni gumu kuliko yote? Haya, semeni, msione haya. Nasikia mtu pale kushoto anasema photosynthesis. Mama mmoja hapa mbele anasema bureaucracy, na kwa tahajia yake namwunga mkono. Lakini hapana. Photosynthesis ni neno refu tu, ila lina adabu. Lina kazi moja. Ukishamwambia mtoto kwamba ni namna mmea unavyotengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua, umemaliza. Halitamgeuka kesho. Halitamgeuka kwenye mtihani wa kidato cha nne. Halitamgeuka hata akiwa profesa.

Neno ninalolileta kwenu leo lina herufi tatu. Mtoto wa darasa la tatu analijua. Mwalimu akilitamka, darasa zima linajibu kwa sauti moja: kukimbia! Neno lenyewe ni run.

Mnacheka. Chekeni. Kamusi kubwa ya Kiingereza, ile ya Oxford, inakipa kitenzi hiki maana 645. Nimesema kitenzi peke yake. Nomino ina hesabu yake pembeni. Maana mia sita arobaini na tano! Mhariri aliyekabidhiwa neno hilo, Peter Gilliver, alilishughulikia kwa miezi tisa. Miezi tisa, ndugu zangu! Katika muda huo mtoto anatungwa na kuzaliwa.

Wala run halikuwa bingwa tangu mwanzo. Toleo la pili la kamusi hiyo lilipotoka mwaka 1989, juzuu 20 nzima, lililoongoza kwa urefu lilikuwa set, lenye maana zaidi ya 400. Marekebisho mapya yalipoanza kutolewa mwaka 2000, make likachukua uongozi, kisha put, na mwaka 2011 run likawapita wote. Hebu yatazameni maneno hayo. Set, make, put, run. Kuna hata moja ambalo mwanafunzi wenu angelipigia mstari kuwa ni neno gumu? Hakuna. Ndiyo maana nimekuja. Tunawafundisha watoto kuogopa maneno marefu, halafu yanayowaangusha ni mafupi.

Sasa mtu atauliza, hizo maana 645 zimehesabiwa vipi? Nani alikaa akazitunga? Hapa lazima niwapeleke Oxford, kwenye banda la mabati.

Ndiyo, banda la mabati. Mwaka 1879 mwalimu mmoja wa shule, James Murray, alikubali kuhariri kamusi ambayo wasomi wa London walikuwa wameipigia debe tangu mwaka 1857. Makubaliano yalikuwa kazi ichukue miaka kumi. Murray alijenga banda la mabati, akalijaza rafu zenye visanduku vidogo vidogo, akawaomba watu wa kila aina wasome vitabu na kumwandikia. Alipohamia Oxford, akajenga banda lingine bustanini kwake. Jirani akalalamika kwamba linamharibia mandhari, ikabidi sakafu ichimbiwe chini. Basi humo mkawa na unyevu na baridi kali, inasimuliwa kwamba mzee alikuwa anatumbukiza miguu kwenye kasha ili upepo usimpate. Kabla hajahamia huko, baada ya miaka mitano ya kazi, kitabu cha kwanza kilikuwa kimetoka, mwaka 1884. Mnajua walikuwa wamefika wapi? Kutoka A hadi ant. Kutoka A hadi sisimizi! Kamusi ilikamilika mwaka 1928, na Murray alikuwa amefariki tangu mwaka 1915.

Lakini ninachotaka mkitazame si ule uvumilivu wake, bali vile vijikaratasi. Kila msomaji aliyejitolea alipokuta neno limetumika kwa namna ya kuvutia, alinakili sentensi nzima kwenye kijikaratasi, akaandika neno juu kwenye kona, pamoja na jina la kitabu na mwaka, akakipeleka posta. Vilikuja vijikaratasi kwa mamilioni. Mmoja wa waliotuma vingi mno alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, William Minor, aliyekuwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kumwua mtu. Akiwa chumbani mwake amezungukwa na vitabu, alikuwa anaokota sentensi.

Mhariri akikaa mezani hakuwa na maana mkononi. Alikuwa na rundo la sentensi. Anazisoma, anaziweka mafungu mafungu: hizi zinafanana, hii haifanani na hizo, hii ianze fungu lake. Yale mafungu ndiyo maana. Mnaniona ninapokwenda? Maana haikuwa ndani ya neno ikisubiri kuchokonolewa. Ilikuwa kwenye sentensi. Kitenzi run kina maana 645 kwa sababu mtu aligawa sentensi zake akapata mafungu 645. Mhariri mwingine mkali kidogo angepata 500. Mwingine mpole angepata 800.

Twende mbele. Kwa nini run, na si jump? Kwa nini si walk?

Tumezoea kudhani kwamba neno lilianza na miguu, kisha likakopeshwa kwa maji, kwa mashine, kwa kampuni. Sivyo ilivyokuwa. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu iliyopita, kitenzi hiki tayari kilihusu miguu na maji kwa pamoja. Mtu alikimbia na mto ulitiririka kwa neno lilelile. Mjerumani hadi leo akisema rinnen anazungumzia maji yanayochuruzika. Kwa hiyo the river runs si tamathali ya mshairi. Ni maana yenye umri sawa na ile ya Filbert Bayi.

Na kwa kuwa nimemtaja Bayi, wale vijana wa nyuma mnamjua? Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1,500. Mtanzania huyu alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakukubali kupitwa hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Kiingereza kina jina kwa mkimbiaji anayekimbia hivyo, anayeongoza badala ya kuvizia nyuma: front-runner. Sasa fungueni gazeti la Kiingereza wakati wa uchaguzi. Front-runner ni nani? Ni mgombea anayetarajiwa kushinda, hata kama hajawahi kukimbilia basi maishani mwake. Nitamrudia huyo.

Kwanza nimalizie habari ya kale, maana ndiyo kiini cha mazungumzo yangu, na walimu wa sarufi nawaomba mnisogelee hapa. Kiingereza cha kale hakikuwa na kitenzi kimoja. Kilikuwa na viwili vya ukoo mmoja. Kimoja kilikuwa cha kukimbia wewe mwenyewe. Kingine kilikuwa cha kufanya kitu kikimbie, kama vile kumwendesha farasi. Mnakitambua hicho cha pili? Hiyo ni kauli ya kutendesha! Kiingereza kilikuwa na -esha yake! Halafu karne zikapita, sauti zikamomonyoka, vitenzi viwili vikaanza kutamkwa namna moja, vikagandana. Hicho kilichogandana ndicho run cha leo.

Tazameni matokeo yake. Sisi tuna kwenda na kuendesha. Tuna kukimbia, kukimbilia, kukimbiza, kukimbizana, kukimbiwa. Kila umbo lina kazi yake, na mtu akilisikia anajua mara moja nani anafanya na nani anafanyiwa. Mwingereza amebaki na umbo moja. The child runs: mtoto anakimbia. The bus runs at six: basi linaondoka saa kumi na mbili. She runs the school: anaiongoza shule. He ran the bath: alijaza maji bafuni. They ran the story: waliichapa habari. Neno halikubadili hata herufi moja isipokuwa ya wakati. Kazi yote ambayo sisi tunawapa viambishi, Kiingereza kimelibebesha neno moja kichwani. Neno fupi la namna hii ni kama kisu cha jikoni: hichohicho kinamenya kiazi, kinakata nyama, kinakwangua magamba ya samaki na kufungua kopo, wakati kibao cha kukunia nazi kinakaa kabatini na kazi yake moja.

Sasa msianze kuvimba vichwa kwamba Kiswahili kimenyooka. Kwenye kuendesha kwenyewe tumo. Mkurugenzi anaendesha shirika. Dereva anaendesha lori. Mtoto mchanga anaendesha tangu jana, mpelekeni zahanati. Eh! Mnacheka tena. Na cha ajabu, Kiingereza kilipita njia hiyohiyo: yule anayeharisha wanasema ana the runs. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimemtazama mkurugenzi na mwenye tumbo bovu, zikaona wafae kitenzi kimoja. Sina maoni zaidi kuhusu jambo hilo.

Kiingereza kilipopoteza viambishi vyake hakikukaa bure. Kilitafuta wasaidizi wadogo: out, into, over, down, off, up. Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapozama. Run out, kitu kuisha. Run into, kukutana na mtu bila kutarajia, au kugonga ukuta. Run over, kumgonga mtu na gari. Run down, kuchoka, au kumsema mtu vibaya, au betri kuisha moto. Run up, kulimbikiza deni. Mwanafunzi anakutana na sentensi we have run out of sugar. Anajua run ni kukimbia, out ni nje, of ni ya, sugar ni sukari. Anaandika: tumekimbia nje ya sukari. Mnamcheka, lakini nawauliza: kosa lake ni nini hasa? Alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Alipewa orodha ya maneno yenye safu mbili, akakariri, akaitumia. Kila neno alilipatia. Aliyekosea ni ile orodha.

Sasa nimrudie mgombea. Marekani mtu akitaka urais, anasemwa runs for president. Uingereza mtu akitaka ubunge, stands for Parliament. Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, na kazi ni ileile ya kuomba kura! Kamusi zinasema matumizi hayo ya kukimbia yalianzia Marekani, miaka ya 1820. Na sisi je? Sisi hatukimbii wala hatusimami, ingawa chama kinaweza kumsimamisha mtu. Sisi tunagombea. Mnasikia kilichomo? Kugomba, kugombana, kugombea. Kama watoto wanaogombea mpira. Sitasema ni lugha ipi kati ya tatu hizo imesema kweli zaidi kuhusu siasa. Nipo mbele ya watumishi wa umma.

Lakini kuna mwaka mmoja ambao neno la Kimarekani liliumbuka, nao ni 1896. William Jennings Bryan alipanda treni akazunguka nchi takriban maili 18,000, akishuka stesheni hadi stesheni, akihutubia mamia ya mikutano. Huyo kweli alikimbia. Mpinzani wake, William McKinley, alikaa nyumbani kwake mjini Canton, jimbo la Ohio, barazani. Barazani! Watu waliletwa kwa treni hadi nyumbani kwake, inakadiriwa 750,000 msimu mzima, wakasimama uani, naye akawahutubia, akaingia ndani kupumzika. Nani alishinda? McKinley. Na ukifungua kitabu cha historia kwa Kiingereza, kitakuambia kwamba wote wawili ran for president mwaka 1896. Aliyezunguka nchi nzima alikimbia, na aliyekaa barazani naye alikimbia. Je, Kiingereza kinasema uongo? Hapana. Katika sentensi hiyo neno limeshaiacha miguu. Limebaki na shindano tu.

Nataka mkae na wazo hilo: neno limeacha miguu, limebaki na kitu kimoja tu kutoka kwenye mbio. Kwenye uchaguzi limebaki na shindano. Kwenye maji limebaki na mwendo usiokatika. Kwenye mashine limebaki na kufanya kazi bila kusukumwa kila hatua. Kwenye benki limebaki na nini?

Nawapeleka Uingereza tena, Septemba 2007. Kulikuwa na benki yenye makao Newcastle, Northern Rock. Ilikuwa inakopa kwenye masoko ya fedha ili nayo ikopeshe watu nyumba. Masoko yakakauka. Jioni ya tarehe 13 ikatangazwa kwamba imeomba msaada wa dharura kwa Benki Kuu ya Uingereza. Asubuhi ya tarehe 14 milango ilipofunguliwa, watu walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani. Wazee wenye akiba zao za maisha. Siku hiyo, na Jumamosi, na Jumatatu yake, hadi serikali ilipotangaza kwamba amana zote ziko salama. Magazeti yakaandika: a bank run, ya kwanza Uingereza kwa zaidi ya miaka 140. Mkizitazama picha za siku zile, kuna mtu anayekimbia? Hakuna hata mmoja! Wamesimama. Wengine wamekuja na viti vya kukunja. Saa nzima mtu anasogea hatua tano. Ni mbio za watu waliosimama. Kilichobaki kutoka kwenye kukimbia ni hofu, ile ya kwamba aliyetangulia atamaliza nitakuta patupu. Mfasiri akiandika mbio za benki, msomaji atadhani ni bonanza la wafanyakazi wa benki siku ya Jumamosi. Mimi ningeandika wateja kukimbilia fedha zao, na nashukuru kiambishi chetu cha kukimbilia kimeibeba hofu hiyo vizuri.

Mfano wa kriketi nitaupitia haraka kwa sababu najua wengi wenu hamwifuati, ingawa majirani zetu walishatikisa dunia humo. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya iliwafunga West Indies katika Kombe la Dunia. Kenya 166, West Indies 93. Hizo ni runs, watangazaji wetu husema mikimbio. Run moja ni wapigaji wawili kupishana, kila mmoja akifika upande wa pili. Hapo kuna miguu, sawa. Lakini mpigaji akiupeleka mpira ukavuka mpaka wa uwanja kwa kubingirika, anapewa runs nne hata asipoinua unyayo. Ukivuka bila kugusa chini, sita. Na mrushaji akiurusha nje ya kiwango, timu ya mpigaji inapata run bila mtu kupiga wala kukimbia. Basi hata uwanjani, mahali ambapo ungetarajia kukimbia kuwe kukimbia, neno limeshakuwa jina la alama tu.

Mnaweza kusema, sawa mwalimu, haya ni mambo ya kriketi na Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Wafasiri wa mahakamani, sasa naongea nanyi.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya sheria na ya mahakama, hukumu nyingi za zamani zilizoandikwa kwa Kiingereza zinatakiwa zisomwe na kueleweka kwa Kiswahili. Humo mna sentensi moja fupi mnayoijua kwa moyo: the sentences shall run concurrently. Chukueni mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa matatu, kila kosa miaka mitano. Adhabu zikiwa za kwenda pamoja, anatumikia miaka mitano. Zikiwa za kufuatana, anatumikia 15. Miaka kumi ya uhai wa mtu imeshikiliwa na maneno mawili, na moja la hayo mawili ni neno la darasa la tatu. Hapo hakuna anayekimbia. Mtu yuko ndani, hawezi hata kutoka nje ya ukuta. Kinachokwenda ni muda. Mahakama zetu zimezoea kusema adhabu zitakwenda pamoja, na nadhani ni tafsiri nzuri, kwa sababu Kiswahili nacho kinaupa muda miguu ya kwenda: saa inakwenda, siku zinakwenda. Kukimbia tunauachia muda unaotuponyoka.

Kuna na ile ya sheria za ardhi, kwamba sharti fulani runs with the land. Sharti linakimbia na ardhi! Ardhi iliyokaa palepale tangu dunia iumbwe! Maana yake ni kwamba sharti halimfuati aliyeahidi; linabaki na kiwanja, na kila anayekinunua anakinunua nalo. Mfasiri aliyekariri orodha ya safu mbili atafanya nini hapo? Ataandika kitu ambacho wakili wa upande wa pili atakifurahia sana.

Kabla sijafika mwisho niwakumbushe jambo, maana naona baadhi yenu mmeanza kukihurumia Kiingereza. Mgeni akija kwetu akajifunza kwamba kupiga ni kutandika, siku yake ya kwanza Dar es Salaam ni mateso. Mwenyeji wake kaamka, kapiga mswaki, kapiga pasi shati, kapiga simu, kapiga hodi kwa jirani, wakapiga soga, wakapiga picha, wakaenda kupiga kura. Mgeni anatafuta majeruhi haoni. Halafu wanapoagana wanamwambia, nipigie kesho. Nipigie! Hata simu hawakuitaja. Sisi hatuoni tabu yoyote kwa sababu hakuna aliyetufundisha kupiga kwa orodha. Tulikuta kupiga kumeshikana na mswaki, kumeshikana na kura, tukayachukua yote kama yalivyo, jozi kwa jozi.

Mwanaisimu mmoja Mwingereza, J. R. Firth, aliyefundisha katika chuo kimoja cha London ambacho Kiswahili nacho kinafundishwa, aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wale linaoandamana nao. Siku hizi programu za kompyuta zinazotafsiri zimejengwa juu ya wazo la namna hiyohiyo. Hazijui kukimbia ni nini, hazina miguu, ila zimesoma sentensi nyingi kuliko sisi sote, zikaona run likiwa na river linaandamana na nani, na likiwa na company linaandamana na nani. Zinapokosea, mara nyingi ni pale majirani wa neno walipokuwa wachache. Na wanafunzi wetu wanakosea palepale. Mtoto tuliyempa neno moja moja hajawahi kuwaona majirani.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mimi sina dawa ya gharama. Nina vijikaratasi. Chukueni daftari zilizokwisha, zile zenye kurasa tupu nyuma, mkate vipande. Kila mwanafunzi aje na sentensi moja yenye run aliyoikuta mwenyewe, kwenye gazeti, kwenye kitabu cha fizikia, kwenye karatasi ya maelekezo ndani ya boksi la dawa, popote, mradi asiitunge. Aandike na alipoitoa. Kisha darasani wasiulizwe run maana yake nini. Wapangwe kuzunguka meza, wazigawe sentensi mafungu mafungu, wabishane. Huyu atasema sentensi ya mto na ya bomba la maji ni fungu moja. Mwenzake atasema na ya mafua nayo iingie humo, si pua nayo inatiririka? Waacheni wabishane. Murray na wenzake walibishana miaka 49. Halafu, wakishakubaliana, kila fungu walipe Kiswahili chake, na mtashangaa ni mara ngapi jibu haliwi kukimbia. Darasa la watu 60 litakupa vijikaratasi 60 kwa siku moja, na hutakuwa umetumia shilingi.

Mtaniuliza muda wa kufanya hivyo uko wapi na muhtasari haujaisha. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kipindi kimoja cha namna hiyo kwa mwezi, kwa neno moja fupi, kinatosha: run mwezi huu, set mwezi ujao, kisha get, take, put. Sidhani kama kuna shule isiyoweza kukipata hicho kipindi.

Na kwa kuwa mimi si mtu wa kuwaambia wengine wafanye nisichokifanya, tutafanya leo hii. Kwenye meza iliyo mlangoni kuna magazeti ya Kiingereza ya juma hili, mikasi, na vipande vya karatasi. Kila kundi lichukue ukurasa mmoja, litafute run zote, pamoja na ran na running, liziandike. Wafasiri wa mahakamani mchukue ukurasa wa biashara, kwa makusudi kabisa. Walimu ukurasa wa siasa. Ukurasa wa michezo nawaachia wanachuo wa nyuma, ambao naona wameshauchukua. Chai ipo tayari pale nje. Tukirudi, Mwenyekiti akiniruhusu, tutaanza kugawa mafungu.